Sirili Alivyokula Njia ya Kompyuta

Kuna watu wakipewa shamba wanashukuru, na kuna wengine wakipewa shamba wanaangalia mpaka. Sirili wa Kilema alikuwa wa kundi la pili. Hakuwa mwizi. Jambo hilo lisemwe mapema, maana hata yeye mwenyewe alilisema mara nyingi bila kuulizwa. Hakuwahi kuchukua kuku wa mtu wala mkungu wa ndizi, na jembe aliloazima alilirudisha, ingawa lilirudi limebaki nusu. Alichokuwa nacho ni ugonjwa mdogo wa kusogea.

Kanisani aliketi mwisho wa benchi, na padri akianza mahubiri tayari alikuwa katikati, na wale aliowakuta katikati walikuwa wamebanwa ukutani kama magunia ya kahawa. Kwenye kwaya aliimba sauti ya nne, lakini mguu wake mmoja daima ulikuwa umesimama kwa sauti ya tatu. Nyumbani, bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, lililowekwa katikati ya meza lilianza safari ya polepole kuelekea kwake, na hakuna aliyewahi kuuona mkono ukilisukuma.

Tamaa kubwa watu huifunga jela. Tamaa ndogo huiita mazoea, huicheka, huizoea, na hapo ndipo inaponenepea.

Baba yao alipofariki, kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kiligawanywa kama desturi inavyotaka. Julius, kifungua mimba, alipata sehemu ya juu. Sirili, kitinda mimba, alipata sehemu ya chini pamoja na nyumba ya baba. Katikati wazee waliacha njia yenye upana wa ng'ombe mmoja na mtu anayemswaga, kutoka barabarani mpaka kwenye mfereji wa maji. Kando ya njia hiyo wakapanda masale.

Masale ni mmea mpole wa majani marefu ya kijani. Mchagga huupanda mpakani ili kila mtu ajue lake. Na ukimkosea mtu, ukamwendea na jani la sale mkononi, hana ruhusa ya kukunyima msamaha, hata kama ulimvunjia mguu. Mmea mmoja, kazi mbili: unatenganisha na unapatanisha. Sirili aliijua ya kwanza tu, na hata hiyo aliijua vibaya.

Kila masika masale yale yalihama kidogo. "Yanafuata maji," alieleza Sirili. Njia ikazidi kukonda, mpaka siku moja ng'ombe wa Julius alikwama kati ya mti wa kahawa na mgomba, akachomoka upande wa pili amevaa jani la mgomba shingoni kama binti wa komunyo ya kwanza. Baada ya hapo Sirili aliona hakuna sababu ya kuacha kanjia ambako hata ng'ombe hapiti. Akapanda maharage. Akaweka ua wa miiba. Masale yaliyobaki akayang'oa na kuyatupa zizini, akasema yameliwa na mchwa.

Julius hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji wala mahakamani. Aliacha tu kuitikia shikamoo ya mdogo wake. Kwa mtu wa Kilema, shikamoo isiyoitikiwa ni nzito kuliko hati ya kuitwa shaurini. Lakini Sirili alikuwa na mgongo mpana, na maharage yalistawi.

"Baba Grace, rudisha njia ya watu," mkewe Mektrida alimwambia.

"Njia ipi?"

"Ile yenye maharage."

"Mama Grace, pale palikuwa pamekaa tu."

Mektrida alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ya parokia, mwanamke wa maneno machache na kijiti cha kuongozea kilichoogopwa kuliko fimbo. Alikuwa na kompyuta yake ya mkononi, iliyonunuliwa mjini Moshi ikiwa tayari imetumika na mtu mwingine. Ndani yake, kwa miaka miwili, alikuwa ametunga nyimbo za jubilei ya parokia, maneno na nota zake, katika programu ya nota aliyowekewa kwenye semina ya walimu wa kwaya, programu ambayo ilifungwa na mashine ile na haikukubali kuhamishiwa nyingine. Jubilei yenyewe ilikuwa Jumapili. Ijumaa nyimbo zilipaswa kuchapwa, kwa sababu kwaya za wageni zingekuja Jumamosi kufanya mazoezi pamoja, na mpiga kinanda aliyealikwa alikuwa mtu wa masharti. Bila karatasi mbele yake, hagusi kinanda.

Kasoro moja ya kompyuta ile ilikuwa uzito. Ukiiwasha ungeweza kumenya ndizi, kuzichemsha na nyama, kuziponda, na ukirudi ukaikuta bado inazungusha kiduara. Sirili aliliona jambo hilo akaamua kumsaidia mke wake. Tena alikuwa na haja yake ndogo ya pembeni. Alipenda kutazama video za ng'ombe wa maziwa wa nchi za watu, wenye viwele kama madumu, na Mektrida alimkataza kuzihifadhi kwenye kompyuta kwa sababu zilijaza nafasi. Wema wa Sirili haukuwahi kutoka nyumbani peke yake. Daima ulikuwa umeshikwa mkono na haja fulani.

Akashuka mpaka mtaa wa Majengo mjini kwa Denis, fundi wa simu na kompyuta, kijana mwenye duka la upana wa kabati na mdomo wa upana wa soko.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Kompyuta ya mama yenu imekuwa mzee kuliko mimi."

"Hiyo dawa yake ndogo. Windows imeielemea. Tunaweka mfumo mwingine pembeni, Linux. Nyepesi, chap chap, na ni ya bure."

"Ya bure kabisa?"

"Bure, mzee."

"Na Windows inafukuzwa?"

"Haifukuzwi. Unagawa diski. Huku Windows, huku Linux. Ukiwasha, mashine inakuuliza: leo unaingia kwa nani?"

Neno "unagawa" lilimwingia Sirili masikioni kama kengele ya misa.

"Kugawa niachie mimi," alisema.

"Lete mashine nikufanyie hapa hapa, mzee. Wewe unakunywa soda, mimi nafanya."

"Niilete ya nini? Kule Kilema wakigawana vihamba wananiita mimi. Hakuna ajuaye mipaka kama mimi." Na hilo lilikuwa kweli, kama ilivyo kweli kwamba hakuna ajuaye mlango wa ghala kama panya.

Denis alikuna kichwa, akampa flashi yenye Linux ndani na maelekezo.

"Sawa, mzee. Ila sikiliza. Utaona vipande vidogo vidogo kwenye diski, havina jina. Usiviguse."

"Nimesikia."

"Nimesema usiviguse."

"Kijana, nimesikia. Nisiviguse."

Kusikia alisikia kweli. Masikio hayakuwahi kuwa tatizo la Sirili.

Alhamisi alasiri Mektrida alikwenda mazoezini. Sirili alisema mgongo unamuuma, akabaki. Mke alipopotea kwenye kona ya migomba, mgongo ukapona. Aliweka kompyuta mezani, akanawa mikono kama mtu anayekwenda kuchinja, akachomeka flashi, akaanza.

Ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Kioo kilimchorea diski kama kihamba kilichopimwa na bwana ardhi. Hapa kipande kirefu cha Windows, na humo ndimo zilimokaa nyimbo za Mektrida. Sirili alikipunguza kwa upande, akapata uwanja wa Linux, na katika kupunguza mkono wake ulikwenda mbele kidogo ya nusu. Kitinda mimba ndiye hupata nyumba, alijiambia.

Ndipo alipokiona. Kati ya uwanja wa Windows na uwanja wake mpya palikuwa na kipande chembamba, chembamba kabisa, cha rangi ya kijivu. Hakikuwa na jina. Hakikuwa na wimbo wala picha. Kilikuwa kimekaa tu.

Moyo wa Sirili ulidunda kama wa kijana aliyeona mchumba. Alisogea mbele. Akavaa miwani. Aliwakumbuka wazee wake wote waliokufa bila kutumia ardhi yao vizuri.

"Sasa hiki," alisema kwa sauti, "ni cha nani?"

Hakuna aliyejibu. Na kwa Sirili, swali la namna hiyo lisipojibiwa, jibu lilikuwa moja. Akakifuta kile kipande, akakiunganisha na upande wake.

Kompyuta ilileta alama ya manjano na maneno mengi ya Kiingereza. Sirili hakushtuka. Mwenyekiti wa kijiji aliwahi kumwonya kwa Kiswahili fasaha na maharage yakastawi vilevile. Akabonyeza pa kuendelea. Onyo la pili likaja, refu kuliko la kwanza. Akabonyeza. Mashine ikafanya kazi yake, mwishoni ikalalamika kwamba kuna kitu imeshindwa kukiweka, ikaomba izimwe na kuwashwa upya. Sirili akaizima, akaiwasha, akakunja mikono kifuani kungoja kuulizwa: leo unaingia kwa nani?

Hakuulizwa. Kioo kilikuwa cheusi tii, na juu kabisa mstari mmoja mweupe wa Kiingereza, mfupi kama jibu la mtu aliyeudhika.

Aliizima tena. Akaiwasha. Akaifuta vumbi. Akaigeuza juu chini, akaitikisa taratibu, akasikiliza. Akaipeleka dirishani ipate hewa. Alikuwa bado ameikumbatia dirishani Mektrida aliporudi.

"Baba Grace, mgongo unaendeleaje?"

"Unaendelea."

"Na kompyuta ina nini?"

"Imepumzika."

"Imepumzika macho wazi?" Mektrida aliichukua, akausoma ule mstari mweupe. "Inasema haioni kitu cha kuwasha. Umeifanya nini?"

"Nimeipunguzia uzito."

Mektrida alikaa kwenye kiti polepole, kama mtu anayekaa kanisani kabla ya habari ya msiba kutangazwa.

"Nyimbo zangu ziko wapi?"

"Ziko kwako. Haki ya Mungu, upande wako sikuugusa."

"Upande wangu?" alisema Mektrida. "Kompyuta yangu ina upande?"

Jioni ile bakuli la mtori liliwekwa mbele ya Mektrida, na halikusafiri.

Asubuhi walishuka Majengo, Mektrida mbele, Sirili nyuma amebeba kompyuta iliyofungwa kwenye kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki. Njia nzima Mektrida alipiga ulimi mara mbili tu, kama mwalimu wa kwaya anayehesabu mapigo.

Denis aliiwasha mashine kwa flashi yake mwenyewe, akachungulia ndani.

"Mama, nyimbo zako nazihesabu hapa. Zimo zote."

Mektrida akafanya ishara ya msalaba. "Basi zitoe nikachape."

"Nakala nakutolea. Lakini hii programu ya nota imefungwa na mashine hii. Kwangu hazifunguki, kwa mwenzangu hazifunguki. Lazima mashine yenyewe iwake."

"Na kwa nini haiwaki?"

Denis alimgeukia Sirili. "Mzee wangu, hapa katikati palikuwa na kipande kidogo. Kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kile nilichokuambia usikiguse."

"Kilikuwa hakina jina."

"Umekipeleka wapi, mzee?"

"Nimekiunganisha."

"Na nini?"

"Na... upande huu."

"Upande huu ni wa nani?" aliuliza Mektrida.

"Wa Linux."

"Na Linux ni ya nani?"

Sirili aliangalia dari ya duka, ambayo ilikuwa karibu sana.

Denis alitaka kusaidia, na kama mafundi wote alipenda kueleza. "Mama, iko hivi. Kompyuta ikiamka haimjui Windows wala Linux. Ni kama mgeni usiku. Inaingia kwanza kwenye kile kipande kidogo. Humo inaikuta programu ya kuwashia, ndiyo inayoishika mkono na kuipeleka mlangoni kwa mwenye nyumba. Sasa hapa nyumba ni nzima, vitu vyote vimo ndani. Ila njia hakuna. Mzee amekula njia."

Hata mteja aliyekuwa anachagua kava la simu aliacha kuchagua.

"Rudia, fundi," alisema Mektrida.

"Nimesema mzee amekula njia."

"Tena."

"Mzee amekula... Mama, kwani nimesema nini?"

Mektrida alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Kwanza mabega yalimtikisika, Denis akadhani analia, akamtafutia kitambaa. Kisha kicheko kikatoka, kirefu, cha sauti ya kwanza, kikapanda mpaka pale ambapo hata kwaya yake haifiki. "Ewe mtoto," alisema akijipangusa machozi, "umesema kweli tupu, na Kilema kwenyewe hujawahi kufika!"

Sirili naye alijaribu kucheka. Mektrida akaacha pale pale.

"Inatengenezeka?" alimwuliza fundi.

"Inatengenezeka. Navunja hiki cha mzee, bado hakijapandwa kitu. Narudisha kile kipande. Naweka upya programu ya kuwashia Windows, naiwasha, tunaona nyimbo. Halafu ukitaka, na Linux nairudisha, ikae kwake, njia ikiwa wazi. Alasiri hivi nimemaliza."

"Utaiwasha kabisa?"

"Kipande kikirudi, inawaka."

"Umesikia, Baba Grace? Kipande kikirudi." Akasimama. "Mimi nabaki na fundi. Wewe nenda nyumbani."

"Mama Grace, pole sana. Mimi..."

"Pole yako naijua. Nayo inasogea. Nikifika nyumbani leo nikukute na jani la sale mkononi. Nisipokukuta nalo, Jumapili nitaongoza jubilei yangu, na Jumatatu nitakwenda kwa Grace kumsaidia kulea, na sijui nitarudi lini."

Sirili alipanda mlima akiwa na furaha kidogo. Jani la sale! Adhabu nyepesi kuliko novena ya siku tisa. Jani halikataliwi. Angelishika, angeinama kidogo, mambo yangekwisha, na mtori ungerudi mezani.

Alipofika nyumbani alizunguka kihamba chake akitafuta sale. Alianzia kwenye kahawa, akapita kwenye migomba, akafika nyuma ya choo. Hapakuwa na sale hata moja. Aliingia zizini akafukua samadi kwa mikono mahali alipokuwa ameyatupa yale ya mwisho. Alipata kishina kimoja kilichokanyagwa na ng'ombe mpaka kikafanana na ulimi wa kiatu.

Akachuma jani la muhindi. Alilishika mbele ya kioo, akainama. Kwa mbali lilifaa. Lakini Mektrida alizaliwa Kilema, na mtu wa Kilema hawezi kudanganywa kwa jani la muhindi, kama ambavyo hawezi kudanganywa kwa ndizi ya plastiki. Akalitupa.

Hapo ndipo Sirili alipotazama juu ya ua wake wa miiba. Upande wa Julius, mpakani kwake, masale yalikuwa yamesimama mengi, marefu, yanang'aa kama askari wa gwaride.

Angekuwa mtu mwingine, angevuka kwa hatua chache. Lakini ule ua aliufuma yeye mwenyewe, na aliufuma vizuri, kwa nia mbaya. Hapakuwa na pa kupenya hata kuku. Ikabidi atoke barabarani, azunguke kwa barabara ya misheni, apande, ashuke, apande tena. Mtu akichimba shimo asilalamike kina. Sirili alilalamika njia nzima.

Alimkuta Julius ameketi kwenye kigoda, anamkatia ng'ombe shina la mgomba.

"Shikamoo kaka."

Panga liliendelea.

"Shikamoo kaka."

"Umepita wapi?" aliuliza Julius bila kuinua kichwa.

"Barabara ya misheni."

"Mbali?"

"Mbali, kaka."

"Mimi na huyu tunaipita asubuhi na jioni kwenda kunywa maji. Yeye amekonda, mimi nimepata misuli. Umekuja kuona misuli?"

"Nimekuja kuomba jani la sale."

"Ya kwako yako wapi? Ah, nimesahau. Mchwa." Panga likashuka, kwa! "La nini?"

"Nimemkosea Mama Grace."

"Umemfanya nini yule malaika?"

Sirili alikohoa. "Kompyuta yake... imekosa njia."

Panga lilisimama hewani.

"Imekosa nini?"

"Palikuwa na kipande kidogo katikati, kaka. Kilikuwa kimekaa tu. Sasa fundi anasema ndicho kilikuwa njia."

Julius aliliweka panga chini. Akavua kofia. Akamtazama ng'ombe wake, kama anayemwuliza kama naye amesikia. Kisha akacheka mpaka kigoda kikapinduka, akaendelea kucheka akiwa chini.

"Hata humo! Sirili! Hata ndani ya kompyuta! Wewe siku ukifa tutakuzika na zege pande zote nne, usije ukaanza kumsogelea baba!"

"Kaka, jani..."

"Jani halinyimwi, hata na mimi." Julius alijiinua, akaenda mpakani, akakata jani zuri kabisa, refu, lisilo na doa. "Shika. Nenda."

Sirili alilipokea kwa mikono miwili. Akageuka. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, halafu miguu ikagoma. Haikuwa kwa sababu ya umbali wa barabara ya misheni, ingawa nayo aliifikiria. Jani lile mkononi lilikuwa zito. Alikuwa amesimama mbele ya mtu aliyemkosea kuliko wote, ameshika kitu cha kuombea msamaha, anakipeleka kwingine.

Akarudi. Akanyoosha mikono.

"Kaka, naomba nikupe wewe kwanza."

"Unanipa jani langu?"

"Sina lingine."

"Kweli huna." Julius hakulipokea bado. "Na njia?"

"Nafungua leo."

"Masale?"

"Nitayapanda yalipokuwa."

"Yalipokuwa lini? Mwaka jana, au wakati wa baba?"

Huo ndio mteremko mgumu kuliko yote ya Kilimanjaro, na Sirili alikuwa anaushuka peke yake.

"Wakati wa baba."

Julius akalipokea jani, akalitazama, akavuta pumzi.

"Marahaba," alisema.

Ilikuwa ni jibu la shikamoo zote, za siku ile na za masika yote yaliyopita. Sirili alipangusa jicho kwa kiwiko, akasingizia utomvu wa mgomba. Kisha akakumbuka.

"Sasa, kaka... nirudishie la Mama Grace."

"Lile lile?"

"Unikatie jingine?"

"Chukua hili hili. Limeshaonyesha linafanya kazi."

Wakashika mapanga na majembe. Ua wa miiba ulishuka na sehemu ya shati la Sirili. Maharage yaling'olewa. Upana haukupimwa kwa kamba, kwa sababu Julius alisema kamba ya mdogo wake ina tabia. Alimleta ng'ombe. "Huyu ndiye bwana ardhi," alisema. Ng'ombe alitembea taratibu kutoka juu mpaka mfereji, akila maharage ya Sirili kulia na kushoto, na pale tumbo lake lilipogusa kitu, kitu kilikatwa. Kwa kuwa alikuwa anakula, tumbo lilizidi kukua, na njia ikatoka pana kuliko ya wazee. Sirili aliliona hilo. Hakusema.

Katika kupanda masale, mche mmoja ulitua kidogo upande wa pili.

"Sirili."

"Ni mkono tu, kaka." Akaurudisha.

Mektrida alitokea barabarani jua likiwa bado juu ya migomba, kompyuta begani na bunda la karatasi zilizochapwa kifuani. Alikuwa ameanza kuizungukia nyumba kwa upande wa chini kama kawaida, akasimama. Pale palipokuwa na maharage alimwona ng'ombe wa Julius amejaa kama pipa, na nyuma yake njia iliyonyooka mpaka mferejini. Akaingia humo. Alikuwa mtu wa kwanza kuipita.

Mwisho wa njia alimkuta mumewe, shati limechanika, samadi mpaka viwikoni, ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Jani lilikuwa limenyauka na ncha yake haikuwepo.

"Mbona limeng'atwa?"

"Ng'ombe."

"Umelitoa wapi?"

"Kwa kaka."

"Ulipita wapi kwenda?"

"Barabara ya misheni."

"Mbali?"

"Mama Grace, nimekoma."

Mektrida akalichukua jani, akaliweka juu ya karatasi za nyimbo lisipeperuke.

"Imewaka," alisema. "Njoo kula."

Jumapili mpiga kinanda alipata karatasi zake zote, akapiga mpaka madirisha yakaitikia. Sirili aliimba sauti ya nne, miguu yote miwili kwa sauti ya nne. Kwenye wimbo wa shukrani kisigino kimoja kilianza safari. Mektrida, aliyekuwa anaongoza, alikitazama tu juu ya kijiti chake, kikarudi nyumbani.

Tangu hapo kompyuta ile ikiwashwa huuliza: Windows, au Linux? Mektrida aliamua zote mbili zibaki, na upande wa pili, mdogo kuliko ule aliojigawia, akamwachia mumewe na ng'ombe wake wa nchi za watu. Jioni Sirili huwatazama kwa amani. Siku moja tu alikaa mbele ya kioo kile cheusi chenye majina mawili, kidole kikicheza juu ya meza.

"Mama Grace."

"Abee."

"Kile kipande cha katikati. Saa hizi, mashine ikishawaka, kinafanya nini?"

"Kimekaa tu," alisema Mektrida. "Na wewe kaa."